Mgahawa mdogo uruhusiwe kupokea chupa ya mteja

KATIKA sehemu nyingi za kula na kunywa hapa nchini kuna tangazo moja ambalo halikosekani ukutani: "Hairuhusiwi kuingia na vinywaji kutoka nje." Mteja hulisoma, hulikubali na huagiza kilichopo. Kwa baa tangazo hilo lina mantiki, kwa sababu baa huishi kwa kuuza vinywaji. Lakini hata mgahawa usiouza kileo cha aina yoyote nao umelibandika, na hapo ndipo swali linapoanza. Linamlinda nani?

Chukulia mama mwenye mgahawa wa meza nane jijini Dodoma. Anapika kuku wa kienyeji, samaki, ndizi na wali. Mchana meza zinajaa watumishi wa ofisini. Jioni, saa ambayo watu wana muda wa kukaa na fedha ya kutumia, meza zinabaki wazi. Wateja wake wa mchana wako baa, wanakula chakula ambacho pengine hakifikii cha kwake, kwa sababu tu huko wanaweza kupata kinywaji.

Mama huyo hakosi mapishi wala wateja. Anachokosa ni mtaji wa kununua akiba ya vinywaji, jokofu la kuvihifadhia na leseni ya kuviuza. Lakini kuuza si njia pekee. Ipo njia ya kumruhusu mteja aje na chupa yake, aifungue mezani, alipie chakula na ada ndogo ya huduma. Njia hiyo inastahili kufikiriwa na halmashauri zetu, na Dodoma, mji wa zabibu, ndiyo ingefaa kuanza.

Ilivyo sasa, mpishi anayetaka kumfikia mteja wa jioni hana budi kwenda kukodi jiko ndani ya baa ya mtu mwingine. Mpangilio huu unajulikana kila mji. Mwenye baa huuza bia, mchoma nyama huuza nyama, muuza chipsi naye ana kona yake. Meza ni moja na mteja ni mmoja, lakini bili ni mbili au tatu.

Mpangilio huo umelisha familia nyingi na haupaswi kubezwa. Hata hivyo, una kasoro kubwa kwa mpishi: jiko si lake. Baa ikifungwa, au mwenye baa akiamua kumweka ndugu yake jikoni, mpishi huanza upya. Wateja aliowazoesha kwa miaka hubaki pale pale walipozoea kukaa. Mpishi hajengi jina, anajenga la mwenye baa.

Mteja kuja na kinywaji chake si jambo geni hapa nchini. Kamati za harusi zimefanya hivyo kwa miaka mingi. Hununua kreti za bia na soda kwa bei ya jumla, huzipeleka ukumbini na kuzigawa meza kwa meza. Wapo wenye kumbi wanaotoza ada ya kuingiza vinywaji na wapo wanaosamehe. Hakuna anayeona ajabu, na hakuna anayedai kwamba ukumbi umegeuka baa. Kinachoruhusiwa kwa wageni 300 Jumamosi usiku hakipaswi kuwa kioja kwa watu wawili Jumatano jioni.

Tatizo liko kwenye utaratibu. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 inamtaka anayeuza kileo awe na leseni. Mgahawa unaompa mteja glasi ili anywe alichonunua dukani hauuzi kileo. Lakini mwenye mgahawa hana uhakika kwamba ofisa atakayepita jioni ataiona tofauti hiyo. Akikuta chupa mezani na leseni ya kileo haipo, maelezo yatakuwa marefu. Ndiyo maana wengi huona heri kubandika tangazo ukutani na kulala usingizi.

Nchi nyingine zimekwishapita hapo. Katika jiji la Melbourne nchini Australia, utaratibu wa mteja kuja na chupa yake ulishika mizizi katika miaka ya 1960, wakati leseni za kuuza vileo zilikuwa ngumu kuzipata. Waliofaidika sana walikuwa wenye migahawa midogo ya familia, wengi wao wahamiaji waliokuwa na ujuzi wa kupika kuliko walivyokuwa na mtaji. New Zealand ilianzisha leseni maalumu kwa ajili hiyo mwaka 1976.

Nchini Marekani, jimbo la New Jersey lina kikomo cha leseni moja ya kuuza na kunywea vileo kwa kila wakazi 3,000 wa mji. Kwa kuwa leseni ni chache, huuzwa kutoka mkono hadi mkono, na katika baadhi ya miji bei yake hufikia mamia ya maelfu ya dola. Mgahawa mdogo hauwezi. Sheria ya huko imeuachia mlango mwingine: usio na leseni unaweza kumruhusu mteja aje na mvinyo au bia yake. Pombe kali hairuhusiwi, mgahawa hautozi ada yoyote kwa chupa hiyo, na mji usiotaka utaratibu huo unaweza kuukataza kwa sheria ndogo yake.

Karibu zaidi na nyumbani, Cape Town nchini Afrika Kusini, migahawa mingi humruhusu mteja aje na mvinyo wake na kumtoza ada ya kufungua chupa. Hilo halishangazi katika eneo linalolima zabibu. Mtu aliyetembelea shamba mchana na kununua chupa huipeleka mezani jioni. Mwenye shamba ameuza, mwenye mgahawa ameuza, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake.

Dodoma nayo ni eneo la zabibu. Zao hilo lililetwa na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950 huko Bihawana, na leo linalimwa Hombolo, Mpunguzi, Chinangali na vijiji vingine vingi. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Ni wilaya chache sana duniani zinazopata misimu miwili ya zabibu ndani ya miezi 12.

Lakini wakulima wanajua upande wa pili wa neema hiyo. Zabibu ikiiva haisubiri. Mkulima asiye na mahali pa kuisindika hukubali bei ya mnunuzi aliyepo, au huiona ikioza. Wapo waliojiongeza, wakaanza kukamua mchuzi wa zabibu na kutengeneza mvinyo wao wenyewe, wengine kwa vikundi. Hao nao wamekutana na ukuta mwingine, kwani mvinyo upo lakini pa kuuuzia hapaonekani.

Serikali ilikwishafanya sehemu yake upande wa kodi. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliweka ushuru wa bidhaa wa Sh 200 kwa lita kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za hapa nchini kwa kiwango kinachozidi asilimia 75, huku mvinyo mwingine ukitozwa zaidi ya Sh 2,000 kwa lita. Nafuu hiyo ni kubwa. Lakini nafuu ya kodi haimsaidii mtengenezaji ambaye chupa yake haifiki mezani.

Haifiki kwa sababu hoteli na mgahawa mkubwa unataka mzigo wa uhakika mwaka mzima, wakati mwingine kwa mkopo wa mwezi mmoja au zaidi. Mtengenezaji mdogo mwenye chupa 500 hawezi kukopesha. Mgahawa mdogo kwa upande wake hauna leseni. Kwa hiyo mvinyo wa Dodoma unauzwa kwa mgeni anayeununua kama zawadi ya safari, si kwa mtu anayekwenda kula chakula cha jioni Dodoma yenyewe.

Na wanaokula Dodoma wameongezeka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia huko, na mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Watumishi wamehama na familia zao, na pamoja nao migahawa imeota kila mtaa. Soko limemfuata mkulima hadi mlangoni. Ni aibu likishindwa kuingia ndani kwa sababu ya tangazo la ukutani.

Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Mahesabu na yafanywe, kwa mfano wa kubuni.

Chukulia chupa ya mvinyo inapatikana dukani kwa Sh 12,000. Mwenye mgahawa anaamua kuuza mvinyo mwenyewe. Ili mteja apate cha kuchagua, anaweka chupa 24. Hapo amefunga Sh 288,000, mbali na leseni. Akiuza kila chupa Sh 18,000 na kuuza chupa tatu kwa wiki, mzigo utakwisha baada ya wiki nane. Faida yake ni Sh 144,000.

Sasa chukulia hakununua chupa hata moja, bali anatoza Sh 2,000 kwa kila chupa anayokuja nayo mteja, kwa glasi, barafu na huduma. Kwa chupa tatu kwa wiki, wiki nane zinampa Sh 48,000. Inaonekana ndogo kuliko Sh 144,000. Lakini hakuweka senti, hakulipia leseni ya kuuza, na chupa haikumvunjikia.

Zaidi ya hapo, Sh 288,000 yake iko jikoni. Kuku na mchele huzunguka haraka kuliko mvinyo. Fedha hiyo ikizunguka kila baada ya siku nne na kuacha faida ya asilimia 10 tu kila mzunguko, ndani ya siku 56 itakuwa imezunguka mara 14 na kuacha Sh 403,200. Hesabu hii ina sharti moja: lazima wawepo walaji wa kununua hicho chakula. Na hao ndio ambao chupa yao inawaleta. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa mteja, mvinyo wa Sh 18,000 umemgharimu Sh 14,000. Nafuu ya Sh 4,000 haitamtajirisha, lakini inaweza kuongeza sahani nyingine mezani. Kwa kifupi, faida ya mwenye mgahawa iko kwenye sahani, na chupa ni ya kumfanya mteja akae.

Mkulima naye anapata nini? Chupa moja ya mililita 750 huhitaji takriban kilo moja ya zabibu. Migahawa 100 ikifungua chupa tatu kila mmoja kwa wiki, ni chupa 15,600 kwa mwaka, yaani zabibu tani 15 au 16. Kiasi hicho hakiwezi kumaliza tatizo la soko la zabibu Dodoma, na anayesema kitalimaliza anawadanganya wakulima. Tena si kila chupa itakuwa ya Dodoma, maana atakuwepo anayependelea ya Afrika Kusini.

Hata hivyo, tofauti ipo kwenye namna ya kuuza. Tani hizo 15 haziuzwi kwa kilo kwa mnunuzi mmoja anayepanga bei. Zinauzwa zikiwa mvinyo, chupa moja moja, kwa bei ya rejareja na kwa fedha taslimu. Kwa kikundi cha wakulima 20 chenye duka dogo karibu na migahawa, hilo si jambo dogo. Kinaweza hata kukubaliana na wenye migahawa ya jirani kwamba chupa iliyonunuliwa kwake isitozwe ada ya kufungua, na kikundi kinunue chakula cha mikutano yake hapo. Makubaliano kama hayo hayahitaji waziri.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zisikilizwe.

Wa kwanza ni mwenye baa. Atasema amelipa leseni, amenunua jokofu, halafu jirani anapata wateja bila gharama hizo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: baadhi ya wateja atawapoteza. Lakini anayekwenda baa hafuati kinywaji peke yake. Anafuata bia ya baridi, mpira kwenye televisheni, muziki na marafiki. Mgahawa wa meza nane unaofunga mapema hauwezi kumpa hayo. Atakayehama ni yule aliyekuwa akienda baa kwa kukosa pa kulia na familia. Na baa yenyewe iendelee kuwa na haki ya kukataa chupa ya nje.

Wa pili ni mkusanya mapato. Hofu yake ni ndogo kuliko anavyodhani, kwa sababu ushuru wa bidhaa hulipwa kiwandani au bandarini. Tangu mwaka 2019 chupa za mvinyo, bia na pombe kali zimewekewa stempu za kielektroniki. Chupa ya dukani yenye stempu imekwishalipiwa ushuru kabla haijafika mezani. Halmashauri kwa upande wake inaweza kutoza kibali cha bei nafuu kwa migahawa ambayo leo hailipi chochote kuhusu vileo kwa kuwa haiuzi.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Anauliza juu ya ulevi, gongo na watoto. Nchi hii ilishapiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017 kwa kuona madhara yake kwa vijana. Hakuna sababu ya kurudisha kwa mlango wa nyuma kilichotolewa kwa mlango wa mbele.

Kwa hiyo ruhusa hii isiwe ya kiholela. Iwe ya mvinyo na bia tu, katika chupa iliyofungwa na yenye stempu, na ifunguliwe mezani. Pombe kali ibaki baa. Kiasi kiwe na kikomo, kwa mfano chupa moja ya mvinyo au bia nne kwa watu wawili. Asiyeagiza chakula asifungue chupa. Aliye chini ya miaka 18 asinywe, na mwenye mgahawa awajibike kwa hilo. Saa 4 usiku meza zifungwe. Ada iandikwe kwenye orodha ya vyakula ili mteja asishtukizwe kwenye bili.

Kuna ujanja mmoja unaopaswa kuzibwa mapema. Atatokea mwenye mgahawa atakayeficha kreti jikoni, auze, kisha adai ni za wateja. Dawa yake ni sharti moja linalokaguliwa kwa dakika tano: mgahawa wenye kibali hiki usihifadhi chupa yoyote ya kileo, iwe imefunguliwa au haijafunguliwa. Mteja aje na yake na aondoke na iliyobaki. Chupa ikikutwa jikoni, kibali kifutwe.

Masharti hayo yana gharama, na ni haki isemwe. Wapo watengenezaji wadogo wa mvinyo wanaojaza kwenye chupa zilizotumika, bila stempu wala alama ya Shirika la Viwango. Hao hawatafaidika siku ya kwanza. Vivyo hivyo kwa mbege ya Kilimanjaro na ulanzi wa Iringa, ambavyo haviwezi kufungwa kwenye chupa vikakaa, kwa sababu vinaendelea kuchacha. Vinywaji hivyo vina vilabu vyake na vitabaki huko.

Lakini kwa mwenye mvinyo usio na stempu, soko la migahawa ni sababu nzuri ya kuingia kwenye mstari. Leo akiambiwa arasimishe, huuliza amuuzie nani. Vikundi vikichangia mtambo mmoja wa kujaza na kufunga chupa, gharama ya kila mmoja itashuka. Hapo ndipo fedha za mikopo za halmashauri kwa vikundi vya wanawake na vijana zingeweza kufanya kazi inayoonekana.

Haki ya kukataa nayo ilindwe. Kuna wenye migahawa wengi ambao kwa imani yao, au kwa aina ya wateja wao, hawataki kileo kiingie mlangoni. Kibali hiki kiombwe na anayekitaka. Asiyekitaka aendelee na tangazo lake, na mteja aliheshimu.

Jambo hili halihitaji kusubiri sheria mpya ya nchi nzima. Jiji la Dodoma lingeweza kuanza na majaribio ya mwaka mmoja kwa kutumia sheria ndogo, katika kata chache, kwa migahawa iliyosajiliwa na yenye vyoo na maji. Waitwe mezani wenye migahawa, wenye baa, wakulima wa zabibu na polisi. Mwisho wa mwaka yaulizwe maswali matatu. Je, migahawa imeuza chakula zaidi jioni? Je, mvinyo wa zabibu za Dodoma umeuzwa zaidi madukani? Je, malalamiko ya ulevi yameongezeka katika kata hizo? Majibu yakiwa mabaya, kibali kifutwe.

Yakiwa mazuri, mama wa meza nane hatalazimika kwenda kukodi jiko kwenye baa ya mtu. Atawasha taa yake jioni, mbele ya mlango wake, kwa jina lake.